Kipofu wa Wuxi na wenzake: wapigaji wa ala za jadi za China (uzi mrefu, tafuta kigoda)

FidlaYaUnguja (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitomlaumu.

Miye mchana natoa mizigo bandarini, usiku napiga fidla kwenye kikundi cha taarab. Nakaa safu ya nyuma, pale ambapo ukikosea wa mbele anakufunika na hakuna anayejua isipokuwa wewe na Mola wako. Mwaka juzi nilikwenda Yiwu, China, kufuata mzigo wa vyombo vya plastiki. Kiwanda kikachelewa, nikabaki na siku 5 za kukaa hotelini kuangalia dari.

Asubuhi ya pili nikatoka kwenda bustani ya jirani. Kina mama wanacheza ngoma zao za mistari, wazee wananyoosha viungo polepole, na chini ya mti kuna mzee kakaa kwenye kigoda cha kukunja. Juu ya paja kaweka kitu kama kikopo cha pembe sita, upande mmoja kimewambwa ngozi ya chatu, kina shingo ndefu nyembamba mfano wa fimbo ya kuchungia mbuzi. Nyuzi mbili, basi. Anasugua kwa upinde.

Mpiga fidla haangalii kwanza sura ya ala, anaangalia mkono wa kulia. Mkono wa yule mzee ulinivuruga akili. Upinde wake hautoki! Sisi tunauinua, tunauhamisha kutoka uzi huu kwenda ule. Wa kwake singa zimepitishwa katikati ya nyuzi mbili na zinaishi humo humo. Akitaka uzi wa nje anazisukuma mbele, akitaka wa ndani anazivuta kwake kwa vidole. Na mkono wa kushoto nao una balaa lake: hakuna ubao wa kukandamizia. Kidole kinabana uzi hewani, kila noti unaitafuta mwenyewe gizani, ukizidisha nguvu kidogo tu sauti inapanda. Ndiyo maana erhu (ndilo jina lake) inalia kama mtu aliyebanwa na kilio asichotaka watu wakisikie.

Alipomaliza nikampa simu yenye programu ya kutafsiri nikamuuliza wimbo gani ule. Akaandika Erquan Yingyue. Ikaja tafsiri: mwezi ndani ya Chemchemi ya Pili. Akaongeza neno moja, Abing, kisha akajifumba macho kwa vidole viwili. Kipofu.

Nikaenda kusoma. Abing jina lake la haki Hua Yanjun, kazaliwa Wuxi, mkoa wa Jiangsu, mwaka 1893. Baba yake alikuwa kasisi wa dini ya Dao, na makasisi wale ndio wapigaji wa ibada na mazishi, kwa hiyo mtoto kakulia katikati ya ngoma, filimbi na nyuzi. Akarithi nafasi ya baba, mambo yakamwendea kombo, maradhi yakamchukua macho yote mawili akiwa mtu mzima, akaingia mtaani. Akawa anazunguka mji akipiga na kuimba habari za siku: dhuluma ya fulani, mambo ya vita, Wajapani. Gazeti linalotembea.

Septemba 1950 wataalamu wawili wa muziki, Yang Yinliu na Cao Anhe, wakamfuata na mashine ya kurekodi. Si ya utepe, ya waya wa chuma. Abing alikuwa ameshaacha kupiga kwa muda, ala zake zimeharibika, na inasimuliwa kuwa panya walishiriki. Akaazimwa erhu, akaazimwa pipa (si pipa la maji, ni ala ya nyuzi ya Kichina), akaomba siku chache arudishe mkono. Zikaingia nyimbo 6: 3 za erhu, 3 za pipa. Ule maarufu haukuwa hata na jina, alikuwa akiupiga tu barabarani. Jina limetafutwa pale pale, la chemchemi iliyo chini ya mlima Huishan. Wakaagana kwamba watarudi wachukue zaidi. Desemba mwaka ule ule Abing akafa.

Nyimbo 6! Mtu aliyepiga umri wake wote. Vingine vyote kaenda navyo kaburini.

Basi siku ya tatu nikapanda treni hadi Wuxi. Nyumba yake sasa makumbusho. Chemchemi yenyewe ni visima viwili vidogo vya mawe, kimoja cha pembe nane, mtu unaweza kupita usivione. Nilikaa pale na simu masikioni nikisikiliza ule mkwaruzo wa waya wa 1950. Erhu yake iko chini kuliko za siku hizi, alitumia nyuzi nene za hariri, sauti ina vumbi. Sikulia, lakini sikuwa mbali.

Nimekuja hapa kwa sababu mbili. Kwanza nataka wenye kujua waniongezee: nani mwengine nimsikilize, ala gani nyengine? Pili nataka kujua, kwetu, nani kakaa na nyimbo zake 100 na hajafikiwa na waya?

---

Kipanga_wa_Temeke

Mkuu nimeshatandika mkeka. Mimi ala za Kichina nimesomea kwenye filamu za kibanda umiza. Kuna yule jamaa kaweka kinanda kirefu mapajani, akigusa uzi watu wanakatika vichwa nje ya dirisha 😂 Kile nacho ni erhu?

---

Binti_Wuhan

@Kipanga_wa_Temeke hapana kaka, hicho ni guzheng au guqin, na watu wengi wanavichanganya, hata Wachina wenyewe wa mjini.

Niko huku mwaka wa nne, nasoma uhandisi wa maji, na jioni mbili kwa wiki najifunza pipa kwa mama mmoja jirani na chuo. Kwa hiyo nisaidie kidogo.

Guzheng ina nyuzi 21 na kila uzi una daraja lake dogo la kusogeza. Wanavaa kucha za bandia kwa plasta. Sauti kama maji yanamwagika. Guqin ni nyuzi 7 tu, haina madaraja, ni ubao mmoja uliopakwa rangi ya utomvu, na ina sauti ndogo kiasi kwamba feni ikiwaka husikii kitu. Guqin haikuwa ya kutumbuizia watu. Ilikuwa ya msomi kukaa peke yake au na rafiki mmoja. Kuna kisa kila mtoto wa shule huku anakijua: Bo Ya alipiga guqin, rafiki yake Zhong Ziqi mkata kuni akawa anasikia hadi anachowaza, mlima au mto. Ziqi alipokufa Bo Ya akakata nyuzi zake na hakupiga tena. Hadi leo rafiki anayekuelewa bila maneno wanamwita "mjua sauti".

Ule wimbo wa mto upo, unaitwa Liu Shui, "Maji Yatiririkayo", na aliyeupiga vizuri kuliko wote ni Guan Pinghu (1897–1967). Rekodi yake iko ndani ya ile sahani ya muziki ya dhahabu iliyobebwa na chombo cha anga cha Voyager mwaka 1977. Dakika 7 na sekunde 37, ndiyo ndefu kuliko muziki wote uliomo. Sasa hivi iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Ala isiyosikika feni ikiwaka, ndiyo wameipeleka mbali zaidi.

Pipa nitarudi nayo, nina mtihani kesho.

---

Mwana_Ituri

Jambo yenu ba ndugu. Mimi niko wa Bunia. Dada wa Wuhan amesema juu ya ile sahani ya Voyager, basi niongeze kitu: ndani yake muko pia wimbo wa ba Mbuti, mabinti wa msitu wa Ituri, wanaimba wimbo wa unyago. Colin Turnbull ndiye alirekodi. Ule mzee wa China na mabinti wa kwetu banasafiri pamoja mule. Miye nilisikia habari hii kwa redio nikiwa mutoto, nikadhani ni uongo wa watu wazima.

Ba Mbuti waliimba bila ala, sauti juu ya sauti, kila mutu na kipande yake. Kama unasikiliza kisha unasikiliza ile guqin, utaona zote mbili hazina haraka.

---

Mgogo_wa_Mvumi

FidlaYaUnguja umenikuna. Kikopo kimewambwa ngozi, shingo imepita katikati, nyuzi chache, upinde. Mkuu, umeeleza zeze! Babu yangu alikuwa nalo. Letu kibuyu au mbao, ngozi si ya chatu, na upinde unapita juu ya nyuzi kama fidla yako, hauingii katikati. Lakini kukaa kwake, kuegemea, hata ile tabia ya kuimba mwenyewe huku zeze linakujibu, ni ile ile.

Na jambo moja zaidi kwa wapenzi wa ilimba. Kwenye ubao wa ilimba kuna tundu, na pale tunabandika utando wa buibui, ule mweupe wa mayai, ili sauti iwe na mvumo wa nyuki. Mwaka jana nimeona video ya jamaa anapiga filimbi ya Kichina ya mwanzi, sauti ina mvumo ule ule, nikajiuliza naye kapata wapi buibui.

---

Binti_Wuhan

@Mgogo_wa_Mvumi hiyo filimbi ni dizi. Kati ya tundu la kupulizia na matundu ya vidole kuna tundu la ziada, wanabandika ngozi nyembamba mno inayotolewa ndani ya tete, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Inaitwa dimo. Usipoibandika vizuri filimbi inakuwa bubu. Gundi ya asili ni kipande cha ejiao unakilowesha ulimini unapaka. Wengine wanatumia maji ya kitunguu saumu, chumba kizima kinanuka pilau.

---

Mkulima_Naivasha

Wueh. Ejiao? Hiyo si ile gundi ya ngozi ya punda? Sisi huku hiyo neno tunaijua vibaya. Machinjio yalifunguliwa 2016, punda wakaanza kupotea usiku, mtu anaamka anapata vichwa peke yake shambani. Serikali ikapiga marufuku 2020, na 2024 Umoja wa Afrika ukafunga biashara ya ngozi bara zima kwa miaka 15.

Sina ubaya na wapiga filimbi, najua kijipande wanachotumia ni kidogo na ejiao nyingi inaenda kwa dawa na urembo. Lakini nikisikia hiyo mvumo sasa nitakuwa nafikiria punda wa mama yangu.

---

Binti_Wuhan

Pole sana ndugu yangu. Mwalimu wa dizi hapa chuoni anatumia kitunguu saumu, nitamwambia kuna sababu nzuri ya kuendelea nacho.

Haya, pipa. Nyuzi 4, tumbo la umbo la pea, unaisimamisha wima pajani. Ukitazama mgongo wake na mgongo wa udi wa Zanzibar hutashangaa nikikuambia wana ukoo mmoja. Wanahistoria wanarudi nyuma hadi barbat ya Uajemi na Asia ya Kati. Tawi moja likaenda Uarabuni likawa udi, jingine likafuata njia ya hariri hadi China. Na zamani pipa ilishikwa ya kulala na kupigwa kwa kipande kigumu, kama risha ya udi. Tangu enzi za wafalme wa Tang (karne ya 7 hadi ya 10) ndipo walianza kuiacha risha wakatumia vidole, na taratibu ala ikasimama wima. Kuiacha risha ndiko kulikofungua mlango: vidole vitano vinazunguka uzi mmoja mfululizo hadi sauti haikatiki. Mimi nina miezi 14 nafanya hilo zoezi na bado linatoka kama mahindi yanayopukuchuliwa.

Msikilizeni Wu Man. Kazaliwa Hangzhou 1963, ndiye wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya pipa katika Chuo Kikuu cha Muziki cha Beijing, akahamia Marekani 1990 bila Kiingereza cha kutosha. Akapiga na Kronos Quartet, akawa mmoja wa nguzo za kundi la Silk Road la mpiga cello Yo-Yo Ma, lile lililopata tuzo ya muziki ya Grammy 2017. Mwaka 2013 jarida la Musical America likamtaja mpiga ala wa mwaka, na hakuwahi kutajwa mpigaji wa ala isiyo ya Kizungu kabla yake. Ninachompendea ni kwamba hakuifanya pipa iwe gitaa. Ametafuta ndugu zake: wapiga nyuzi wa Asia ya Kati, Wauighur, watu wa banjo.

Ukitaka vurugu, tafuta Shimian Maifu. Ni vita vya Gaixia, mwaka 202 kabla ya Kristo, ala moja tu. Kuna sehemu anavuta nyuzi mbili zinapishana, unasikia kelele za askari, na unakumbuka kwamba aliyekaa pale ni mtu mmoja na kigoda.

---

Mzee_wa_Kibarazani

Nimesoma kimya, sasa nitaharibu karamu.

Mnasifia vyuo na Grammy. Mimi nilikaa Beijing miaka ya themanini kwa ufadhili, na nilichoona ni ala za barabarani zimevalishwa suti. Abing hakuwa na cheti. Siku hizi mtoto wa erhu ana mitihani ya daraja 1 hadi 10, wote wanapiga wimbo wa Abing kwa noti zile zile, machozi mahali pale pale. Wameunda okestra za ala za jadi zimepangwa mfano wa okestra ya Ulaya, na kwa kuwa hawakuwa na sauti nzito ya chini wakaingiza cello na besi. Guqin ilikuwa ya hariri, tangu miaka ya sitini ikawekwa chuma ili isikike ukumbini. Ala ya mtu mmoja na rafiki yake! Waya ule wa 1950 umeokoa nyimbo 6, sawa. Lakini umegandisha pia. Abing mwenyewe kesho yake angepiga vingine.

---

FidlaYaUnguja

Mzee shikamoo. Hilo la mwisho limenikaa kooni, kwa sababu ni kweli na kwa sababu nalijua kwetu.

Lakini nikutetee mtu mmoja. Liu Tianhua, 1895 hadi 1932. Kabla yake erhu ilikuwa ala ya ombaomba na ya kusindikiza opera, msomi hakuigusa. Yeye alijifunza fidla ya Kizungu, akaona mbinu zake zinaweza kuhamia kwenye nyuzi mbili, akatunga nyimbo 10 za erhu na mazoezi 47, akaifundisha Chuo Kikuu cha Peking. Unaweza kusema ndiye aliyeivalisha suti. Lakini kafa vipi? Alikwenda Tianqiao, mtaa wa watumbuizaji wa Beijing, kukusanya midundo ya ngoma za kule, akapata homa nyekundu, akafariki na miaka 37. Mtu wa suti aliyekufa akifuata watu wa mtaani. Na Yang Yinliu asingejua thamani ya Abing kama hajasoma.

Kisha na sisi tusijisahau. Taarab yenyewe ilikwenda kusoma. Sultani Barghash kampeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Hii fidla yangu si ya Unguja. Akordiani nayo ina babu China: sheng, ile ala ya kupuliza yenye mianzi imesimama kama mkungu, ina vilimi vya ndani vinavyotikisika vyenyewe, na ilipofika Ulaya ikawachochea mafundi wa kule hadi wakafika kwenye akordiani na kinanda cha mdomo. Kwa hiyo pale Nadi Ikhwan Safaa inapokaa jukwaani, iliyoanza 1905, kuna udi binamu wa pipa na akordiani mjukuu wa sheng, na hakuna aliyegombana.

La machozi mahali pale pale, nakubali. Ila mwaka 1978 Seiji Ozawa, Mjapani kiongozi wa okestra, alikwenda Beijing, akasikia binti wa miaka 17 wa chuo, Jiang Jianhua, akipiga wimbo huo huo wa Abing. Inasimuliwa kuwa alilia, akasema muziki ule haufai kusikilizwa mtu akiwa amekaa, ni wa kupigiwa magoti. Binti wa chuo, si wa barabarani.

---

Mzee_wa_Kibarazani

Marahaba mwanangu. Umejibu kwa adabu, nitanyamaza hadi chai ijayo. Nilisahau kusema: Liu Dehai, mpiga pipa, nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa safu ya tatu. Naondoa nusu ya maneno yangu, ile ya Grammy nabaki nayo.

---

Tonge_la_Forodhani

Naomba msaada wa haraka wakuu, niliagiza erhu kwa mtu akaniletea, uwanja wa ndege wakaikamata. Wanasema ngozi ya chatu, niko na kibali? Mimi kibali cha nini, si kinanda hiki!

---

FidlaYaUnguja

@Tonge_la_Forodhani pole. Chatu yule yumo kwenye mkataba wa CITES, ule wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo ala inatakiwa isafiri na cheti chake, na muuzaji mzuri anakupa ukimwomba kabla ya kulipa. Usimlaumu ofisa, kafanya kazi yake. Ukiagiza tena ulizia ya ngozi ya plastiki. Okestra ya ala za Kichina ya Hong Kong imekuwa ikitengeneza hizo kwa miaka, na wanapigia matamasha makubwa. Sauti ina ukali kidogo, lakini kwa hali ya hewa yetu utanishukuru: ngozi ya chatu kwa unyevu wa masika inalegea kama chapati ya jana. Yangu naiweka kabatini na mfuko wa mchele.

---

Tonge_la_Forodhani

Kumbe na wewe unayo! Na kibali?

---

FidlaYaUnguja

Ninacho. Natoa mizigo bandarini, ningekosa ningechekwa mpaka Kiyama.

---

ShelaMpaka_Langoni

Mimi ni mtu wa Amu. Nimengoja mtu ataje suona hakuna, nikajua lazima niandike mwenyewe.

Suona ni bomba la mbao lenye matundu 8, saba mbele na moja nyuma, mdomoni kilimi cha tete, chini kengele ya shaba. Jina limetoka Uajemi, surna. Ikipigwa kijijini inasikika kilomita nzima, ni ya harusi na ya mazishi. Wachina wana utani kwamba ala nyingine zote zikishaumbuana vya kutosha, suona ikilia kila mtu anafunga virago. Wimbo wake mkubwa ni ule wa ndege mia wanaokuja kumsalimu feniksi, mpigaji anageuka kuku, kunguru, kasuku, na mwisho anashikilia sauti moja hadi wewe msikilizaji unaishiwa pumzi kwa niaba yake. Ren Tongxiang aliupeleka Bucharest 1953 kwenye tamasha la vijana la dunia akarudi na tuzo.

Sasa nani hapa asiyeona kwamba hii ni nzumari? Kilimi, mashavu yaliyovimba kama samaki bunju, pumzi inayoingia puani huku ile ya mashavuni inatoka, harusi, kelele za kuamsha mji. Ya kwetu imepita Uarabuni, ya kwao imepita Asia ya Kati, shina moja.

Tofauti ni hii: kule kijana anaweza kusomea suona hadi udaktari. Hapa kwetu ninaowajua ambao bado wanaweza kupiga nzumari ngoma nzima bila kukata pumzi, nahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Mmoja ni ami yangu. Hajapiga tangu kilimi chake kilipovunjika, na hiyo ni kabla ya korona.

---

Mgogo_wa_Mvumi

Wewe wa Amu umesoma mwanzo wa uzi lakini? Wa panya?

---

ShelaMpaka_Langoni

Nimeusoma. Ndiyo maana nimeandika.

---

Kipanga_wa_Temeke

Nilikuja kucheka vichwa vinavyokatika, sasa nina rekodi tatu za erhu kwenye simu na kondakta wa daladala kaniuliza nimefiwa na nani.

@ShelaMpaka_Langoni kilimi kinatengenezwa na nini? Fundi wangu wa saksafoni Kariakoo anauza vilimi vya mwanzi, vinaweza kuchongwa?

---

ShelaMpaka_Langoni

Cha saksafoni ni kimoja bapa, cha nzumari ni majani mawili yanayobanana, haviendani. Ami alikuwa anachonga mwenyewe kutoka jani la mvumo, macho ndiyo yamekataa. Suona nayo ni ya majani mawili. @Binti_Wuhan, vilimi vya suona huko ni bei gani?

---

Binti_Wuhan

Vinauzwa kwa pakiti, bei ya soda mbili. Saizi zipo nyingi kwa sababu suona zipo ndogo na kubwa. Pima unene wa kale kamrija ka shaba kanakoingia kwenye kilimi, unitumie kwa milimita. Narudi likizo mwezi wa saba, nitapitisha Dar, mtu wa kukufikishia Amu utamtafuta wewe.

---

FidlaYaUnguja

Dar mpaka Mombasa mzigo huo naubeba miye. Bahasha moja haitanishinda.

---

ShelaMpaka_Langoni (wiki tano baadaye)

Wakuu, naurudisha uzi juu.

Bahasha imefika. Vilimi 10, viwili vimeingia sawasawa baada ya kukwanguliwa kidogo kwa wembe. Nimempelekea ami jana baada ya Alasiri pamoja na simu yenye maikrofoni ya kuazima. Akakitia mdomoni, akapuliza mara moja, paka wote wakaruka ukutani. Kisha akakitoa, akakifuta, akaniambia sauti ni ya kigeni kidogo lakini ina adabu. Nikawasha simu. Akaniambia zima. Anataka siku tatu arudishe mashavu, na anataka mtu wa kumpigia ngoma, hapigi peke yake kama mwendawazimu.

Mpiga ngoma nimempata, yuko Matondoni. Jumamosi.